Refa wa Kahawa

Habari ya kifo cha Mwalimu Wafula ilinifikia pamoja na kichekesho. Nilikuwa nasubiri lifti ofisini kwetu Al Khuwair, hapa Muscat, nimekumbatia mafaili, simu ikalia mkobani. Nilipoitoa nikakuta Harith ameandika kwenye kundi letu la wanafunzi wa zamani: "Jamani, yule refa wa kahawa amefariki, kwao Kenya. Mnamkumbuka?" Walimkumbuka wote. Kabla lifti haijateremka kutoka ghorofa ya tano zilikuwa zimeingia meseji zaidi ya kumi, pole na utani zimechanganyika, na mmoja ameweka picha ya birika na finjani mbili. Kundi lile ni la watu wazima, wana vitambi na dawa za presha, lakini likitajwa jina hilo wanarudi kuwa vijana wa mwaka wa pili. Harith ni mtoto wa mama yangu mkubwa, tumekula sahani moja, na sina ubaya naye. Hata hivyo saa ile nilitamani kumpiga na faili la kwanza kutoka juu. Lifti ilifunguka, ikafungwa, ikaenda zake bila mimi.

Kisa kinavyosimuliwa ni kifupi. Refa Mkenya alikataa kikapu cha mwisho cha Harith katika nusu fainali, meza ikamwita aje aangalie marudio kwenye skrini, yeye akapuuza, akaenda kunywa kahawa na wakubwa, na chuo chetu kikakosa fainali iliyokuwa haki yake. Nimekisikia kisa hicho harusini, nimekisikia matangani, nimekisikia kutoka kwa watu ambao siku ile hawakuwapo. Kila mara huwa nainama kwenye sahani yangu kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Aliyekuwa mezani ni mimi. Ndiyo maana nataka kuueleza mwaka ule mwenyewe, tangu mwanzo, na nisijipake mafuta.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua kucheza mpira wa kikapu. Mpira ukinijia nilikuwa nafumba macho. Lakini ligi ya vyuo ya Muscat ilikuwa ndiyo kwanza imepata kamera na skrini ya kuangalia marudio, ikahitaji watu wa kukaa mezani kando ya uwanja, na mimi niliandikisha jina kwa sababu chumba cha mafunzo kilikuwa na kiyoyozi kizuri kuliko cha maktaba. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa michezo, kinanuka mpira na jasho la jezi, na maji ya kiyoyozi yalikuwa yakidondokea ndani ya ndoo iliyokuwa ya aiskrimu. Saa kumi na nusu Mwalimu Wafula aliingia akitokea Wattaya, ambako alikuwa mtunza stoo ya vipuri katika duka moja la magari. Alivua shati la kazini, chini yake amevaa tayari shati la mistari la refa, akafungua karatasi ya foili iliyofungiwa chapati, akatukatia kila mmoja kipande kabla hajasema neno. Kiswahili chake kilituchekesha sisi watoto wa nyumba za Kizanzibari, na chetu kilimchekesha yeye. Alisema tunaongea kama watu ambao hawana haraka ya kufika popote.

"Nisikizeni," alianza. "Skrini si ya kila kitu. Mchezaji ametembea na mpira nikakosa kuona? Hiyo imeenda. Faulo ya kawaida imenipita? Imeenda pia, mnitukane mkifika nyumbani. Tunaangalia marudio kwa mambo matatu tu. Moja, mpira wa mwisho: umetoka mkononi kabla taa nyekundu haijawaka, ama bado? Mbili, mguu ulikuwa umekanyaga mstari, ni pointi mbili ama tatu? Tatu, wamepigana, nani alianza. Basi."

"Na picha isipoonekana vizuri?" niliuliza.

"Basi nilichoamua uwanjani kinabaki. Skrini ikitaka kunishinda mimi, lazima iwe na hakika." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na kuna kitu kingine. Nikishatia sahihi karatasi ya matokeo, ama nikitoka kwa ule mlango, khalas. Hata ulete picha kumi. Kwa hivyo wewe wa skrini, ukiwa na shaka na mpira wa mwisho, unasimama unachora duara hewani na kidole. Usinyooshe mkono ukiwa umekaa. Simama. Mimi nina watu mia tano mbele yangu, nitamwona aliyesimama."

Wa skrini nikawa mimi. Wiki nzima alinifanyisha mazoezi ya kusimama, na sikudhani binadamu anaweza kufundishwa kitu hicho. Alikuwa akitembea kutoka mezani amenipa mgongo, kisha anageuka ghafla, na mimi niwe nimesimama, kidole juu. Nilikuwa nainuka nusu, namalizia na kukohoa. "Zuwena, unasimama kama unaomba ruhusa," alikuwa akiniambia. "Hauombi. Unaniita." Sasa mimi nilizaliwa katika nyumba ambayo mkubwa haitwi kwa mbali. Unamwendea, unangoja amalize mazungumzo yake na mwenziwe, hata yachukue nusu saa, ndipo unasema samahani. Mtoto wa kike aliyepaza sauti mbele ya wageni alizungumzwa mwezi mzima. Mwalimu Wafula alikuwa akinitoa katika mafunzo ya miaka kumi na tisa kwa chapati na majuma machache, na kusema kweli alikaribia kufaulu.

Siku moja tulibaki wawili tukizungusha nyaya za kamera, mlango wazi, nikamuuliza kwa nini anajitesa, mchana stoo na jioni uwanjani. Alijibu bila kuinua kichwa. "Kule Wattaya mchana kutwa mimi ni sadiq, rafiki asiye na jina. Sadiq lete filta, sadiq lete plagi. Miaka sita, na mudir, bosi wangu, hajui jina langu la pili. Hapa nikipuliza, watu kumi wanasimama. Wananiuliza mimi imekuwaje." Akafunga waya kwa kipande cha mpira. "Hii filimbi ndiyo kitu pekee nchi hii imenipa na jina langu limeandikwa juu." Nilicheka kwa sababu nilidhani anatania. Nilikuwa mtoto wa hapa, jina langu lilikuwa limeandikwa kila mahali, na jambo hilo halikuwa limenipitia akilini.

Nyumbani mwaka ule kulikuwa hakuzungumzwi ila ligi. Harith alikaa kwetu, na kila tukila alikuwa akizipanga ndimu juu ya mkeka wa chakula, ndimu ni wenzake, vipande vya mkate ni wapinzani, hadi mama alipomnyang'anya ndimu azikamulie kwenye samaki. Ijumaa alikuja Ami Nassor, ndugu yake baba, ambaye alikuwa katibu wa ligi. Alikula pilau taratibu, akamsifu mama, kisha akayasema mambo ya ligi kwa sauti ya siri ambayo jirani angeweza kuisikia. Ijumaa moja alisema, "Yule Mkenya ana macho. Insha Allah msimu ujao tunamfanya mkuu wa marefa. Kikaoni n'shazungumza, imebaki kuandika tu." Nilifurahi kana kwamba nimeteuliwa mimi. Jumapili nilimnong'oneza Mwalimu habari hiyo, kosa ambalo nalo nalijutia, maana nilimwona akigeukia ukuta na kujifanya anatafuta kalamu.

Nusu fainali ilichezwa Alhamisi baada ya Alasiri. Wasichana walijaa upande wa juu, wavulana wanapiga ngoma za plastiki, na mbele kabisa kiti kikubwa kiliwekewa mgeni rasmi, mzee sana, na kilemba chake na bakora yake, aliyekwisha kusema kwamba ataondoka kabla ya Magharibi. Nyuma ya mlango wa ukumbi kilitengenezwa chumba cha kumkaribishia, mazulia, matunda, halwa, birika mbili za kahawa. Nilipita pale kabla ya mchezo nikasikia harufu ya iliki, nikaona watu wanne wakibishana mto uwekwe wapi. Ami Nassor alikuwa akihema. Alinishika bega akaniambia, "Leo mwanangu mambo yende kwa wakati. Mzee asisubirishwe." Mchezo ulichelewa kuanza robo saa, kwa sababu mzee mwenyewe alichelewa, na robo saa hiyo ilitukaa wote shingoni hadi mwisho.

Sekunde nane zilikuwa zimebaki na tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Harith alipewa mpira pembeni, akampita mtu mmoja, akazibwa na mwingine, akarudi nyuma hatua moja na kuruka. Honi ililia, taa nyekundu juu ya ubao ikawaka, mpira ukaingia bila kugusa chuma. Mwalimu Wafula alikuwa amesimama karibu yake kabisa. Alipunga mikono yote miwili kupishana: hakihesabiki, umechelewa. Ukumbi ulilipuka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye taa, na ninachokumbuka ni kwamba taa ilipowaka vidole vya Harith vilikuwa vitupu. Sikuwa na hakika. Lakini kazi yangu haikuwa hakika, kazi yangu ilikuwa shaka, na shaka nilikuwa nayo kifua kizima. Nilichotakiwa ni kusimama tu.

Nilishika ukingo wa meza niinuke. Wakati uleule mgeni rasmi alikwisha kuinuka kitini, amesogea mwenyewe hadi ndani ya mstari wa uwanja kwa bakora yake, na mkono wa kulia ameunyoosha kumwelekea refa. Mtu mzima wa umri ule akikunyooshea mkono, hapa kwetu, dunia inangoja. Mwalimu aliupokea kwa mikono miwili. Mzee hakuuachia. Alimshika vilevile kama wanaume wa hapa wanavyoshikana wakitembea, akaanza kumvuta polepole kuelekea mlangoni huku akimuuliza habari za watoto, na nyuma yao wakaunga wakubwa wengine, Ami Nassor akiwapanga. Walipofika nusu ya njia Mwalimu Wafula aligeuza kichwa. Alinitafuta mezani, akanipata, akainua nyusi. Alikuwa akiniuliza. Nimeziona nyusi zile akilini mara nyingi kuliko uso wa marehemu mwingine yeyote. Nami nilikuwa nimekaa.

Niliona aibu kumwinulia kidole mtu aliyeshikwa mkono na mzee. Niliogopa pia kusemwa kuwa nimesimama kwa ajili ya Harith, ndugu yangu, mbele ya watu mia tano. Nilijiambia kahawa ni finjani moja, watarudi, nitamwita kwa adabu, kana kwamba ile kanuni ya mlango itanisubiri. Nikampa tabasamu. Tabasamu! Akalichukua, kama mwalimu anavyochukua jibu la mwanafunzi anayemwamini, akatoka na mzee mlangoni.

Hawakurudi. Ami Nassor, kwa kuogopa adhana imkute mzee na karatasi hazijatiwa sahihi, aliichukua mwenyewe karatasi ya matokeo mezani petu, akaipeleka kule chumbani, na Mwalimu aliitia sahihi juu ya goti, finjani mkono wa kushoto. Kocha wetu alipokimbilia kudai marudio, meneja wa chuo kile kingine, mtu mpole aliyekuwa na kitabu cha kanuni mfukoni, alimfungulia ukurasa bila kupandisha sauti. Refa ameshatoka uwanjani. Refa ameshatia sahihi. 

Harith alikuja mezani jasho linamchuruzika hadi kwenye skrini yangu. "Rudisha," alisema. Nilirudisha nyuma picha, nikaisogeza kidogo kidogo. Mpira hewani, mkono mtupu, taa bado imezimika. Nikasogeza tena, taa ikawaka. Ilikuwa wazi, hata kwa mtu anayevaa miwani na ameisahau nyumbani. Mwalimu alikosea, na angekiri kwa nusu dakika kama angeletwa mbele ya picha ile. Harith aliitazama mara tatu, kisha akanigeukia, macho mekundu, na mimi sikuwahi kumwona analia tangu tukiwa wadogo.

"Kwa nini hukumwita?"

"Nilimwita," nikasema.

Lilitoka hivyohivyo, neno moja, kabla sijalichagua. Harith alipiga meza kwa kiganja, akaenda zake, na lile neno akalibeba.

Liliingia nyumbani kabla yangu. Nilipofika nilivua viatu mlangoni nikamsikia mama jikoni, kitunguu kinalia kwenye mafuta, anaongea na mama mkubwa kwa simu. "Si kamwita, dada! Mwanangu kasimama, kamwita mbele ya watu, yeye huyo kampa mgongo kenda zake kunywa kahawa. Hana haya?" Nilisimama kwenye ujia na viatu mkononi. Ningeweza kuingia. Mama alikuwa peke yake, kitunguu kingeungua kidogo, angenigombeza, yangekwisha. Nilikwenda chumbani kwangu nikafunga mlango, na tangu siku hiyo harufu ya kitunguu kinachokaangwa hunirudisha kwenye ujia ule.

Ijumaa Ami Nassor hakula pilau. Aliisukumasukuma pembeni mwa sahani, akangoja Harith atoke kunawa, akaniinamia. "Kutakuwa na kikao Jumatatu. Watakuuliza kama ulimwita. Ulimwita, sivyo?" Alikuwa haulizi. Kosa lilikuwa limetandazwa katikati yetu na lilikuwa likimtafuta mwenyewe. Haliwezi kuwa la mzee, aliyenyoosha mkono. Haliwezi kuwa la Ami, aliyepeleka karatasi, wala la msichana wa nyumba yake. Alikuwa amebaki mtu mmoja, na jina lake lilikuwa halijaandikwa bado pale Ami aliposema litaandikwa. Mama aliniongezea samaki bila kuniuliza. Nikasema, "Nilimwita, Ami," na akaanza kula.

Siku tatu zile sikulala vizuri na sikusoma kitu. Nilitunga maneno ya kusema ukweli, nikayafanyia mazoezi mbele ya kioo, hata kusimama nilifanya mazoezi. Jumatatu asubuhi nilikwenda kikaoni nikiwa nimeamua kwamba nitasema. Nataka hilo lijulikane, ingawa halina thamani yoyote. Chumba kilikuwa na meza ya kioo, boksi la tishu, na wanaume watatu wa kamati, mwenyekiti mmojawapo, Ami Nassor katikati. Mwalimu Wafula alikuwa amevaa suti ya rangi ya kahawia na tai, nguo za mtu anayekwenda kanisani, na mikono yake ilikuwa imesuguliwa hadi kucha zikawa nyeupe. Hakuniangalia nilipoingia. Nilifurahi hakuniangalia. Nilijua akiulizwa atasema alichokiona, maana hakujua kusema kitu kingine: aliangalia meza, na msichana alikuwa amekaa. Kisha nitaulizwa mimi, nami nitakubali, na nitakuwa mwongo mbele ya Ami, lakini basi.

Walimuuliza yeye kwanza. "Msichana wa skrini anasema alikuita. Wewe unasemaje?"

Hapo ndipo aliponiangalia. Nadhani aliona kila kitu, mikono yangu iliyobanwa katikati ya magoti, Ami Nassor, jinsi viti vilivyopangwa. 

"Aliniita," alisema. "Nilimwona. Kosa ni langu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli, binti?"

Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi yalikuwa mdomoni. Niliyahisi pale, nyuma ya meno. Nikaitikia kwa kichwa.  Walimshukuru Mwalimu kwa uungwana wake, wakamwambia kwa maneno laini sana kwamba msimu ujao hatapangiwa mchezo, wala ule utakaofuata, kisha, wallahi sisemi uongo, wakamletea kahawa. Akanywa finjani moja. Akaitikisa, kama desturi inavyotaka mtu akitosheka, akasimama, akatuaga mmoja mmoja. Alipofika kwangu alisema, "Usome vizuri," akatoka.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda Wattaya. Nilimkuta stoo, katikati ya rafu za makopo ya oili na mikanda ya injini, amevaa lile shati la kazini, na mtu mmoja kaunta alikuwa akipaza sauti, "Sadiq! Filta!" Alimhudumia kwanza. Kisha akanivutia ndoo iliyopinduliwa nikae, akamimina chai ya maziwa kutoka thamosi. Nikaanza, "Mwalimu, mimi siku ile—"

"Zuwena." Aliinua kiganja, vilevile alivyokuwa akisimamisha mchezo. "Karatasi imetiwa sahihi."

"Lakini si kweli ulichosema."

"Najua si kweli. Nilikuwa pale." Alitazama mlangoni kama kuna mteja, akarudi kwangu. "Ningesema ulikuwa umekaa, mimi ningerudishiwa filimbi, labda. Na wewe ungetoka mle ndani na kitu kingine. Una miaka mingapi? Ami yako yuko pale. Nina msichana pia, nyumbani, anaogopa kuongea na watu." Akanisukumia kikombe. "Kunywa chai. Si kahawa." Akacheka peke yake. Nilikunywa, machozi yakiingia kwenye chai, na mteja mwingine akaita. Miezi michache baadaye nilisikia ameacha kazi na kurudi kwao. Sikumtafuta tena. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamtafuta, na namba yake ilikuwa ikipatikana kwa simu moja tu kwa Harith, anayejuana bado na marefa wote wa zamani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mkononi pale kwenye lifti, pamoja na mafaili. Jioni nilikuwa nakata vitunguu nyumbani, ikaingia meseji kutoka namba ya Kenya.

"Shikamoo Aunty. Naitwa Nekesa, binti ya Mwalimu Wafula. Uncle Harith ndiye amenipa namba yako. Tunamzika Baba Jumamosi. Kuna hadithi moja ya Muscat alikuwa anatuambia kila mara, kwamba msichana wa meza alisimama akamwita mbele ya watu wote, na yeye akajifanya hajaona, ndiyo maana akapoteza filimbi yake. Mimi nilikuwa muoga sana nikiwa mdogo. Alikuwa ananiambia, uwe kama yule msichana, simama. Sasa mimi ni wakili, Aunty, nasimama kila siku. Tungependa huyo msichana atutumie maneno machache yasomwe kanisani. Ni wewe?"

Niliisoma nimekaa kwenye kiti cha jikoni. Niliisoma tena. Alikuwa amelibeba lile neno langu hadi kwao, akalikalisha kwenye meza ya watoto wake, akajifanya yeye mbaya na mimi shujaa, na mtoto akakua kwa kuniiga mimi niliyekuwa nimekaa. Ningeweza kumwachia. Binti amefiwa, ana hadithi nzuri, imemfaa. Kanuni iko upande wangu, karatasi imetiwa sahihi na refa mwenyewe aliniambia hivyo. Ami Nassor ni mzee sasa, hasikii sikio moja, na yumo kwenye kundi letu. Harith yumo. Watoto wangu wanajua kuwa ndimi niliyesimama.

Nilizima jiko. Nikasimama, ingawa hapakuwa na wa kuniona, nikabonyeza kurekodi sauti.

"Nekesa mwanangu, pole sana. Ndiyo, ni mimi. Lakini baba yako hakuitwa. Aligeuka akaniangalia, akaniuliza kwa macho, na mimi nilikuwa nimekaa. Sikusimama. Halafu nikasema uongo, na baba yako akaubeba yeye ili usinivunje mimi. Someni hilo kanisani, na mtaje jina langu lote. Hakumpuuza mtu yeyote. Angeitwa, angerudi."

Niliituma kwake. Kisha nikaituma ileile kwenye kundi, chini ya ile picha ya birika. Harith alikuwa wa kwanza kupiga. Niliiacha simu ilie mara mbili, kiti kiko palepale nyuma yangu, nikaipokea nikiwa nimesimama.